Mwangwi wa Tumboni

Ewe msomaji, ukisimama ukingoni mwa kisima kirefu ukaita, sauti yako hukurudia. Katika jambo dogo kama hili umo msingi wa chombo kikubwa cha uganga, nacho ni altrasaundi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alijaribu kutafuta nyambizi baharini kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu. Baadaye viwanda vilitumia mwangwi huo kutafuta nyufa katika vyuma. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, aliona kuwa chombo cha kupimia chuma chaweza kupima mwili. Mwaka 1958, yeye pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha picha za mtoto aliye tumboni. Katika majaribio yao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyoponyeka. Mwangwi ulionyesha kivimbe chenye maji tu, akapasuliwa, akapona.

Lakini kuona ni jambo moja, na kufasiri ni jingine. Tuchukue mfano wa mama mfugaji afikaye hospitali mjini Garissa, mimba yake ikiwa ya wiki 20. Aambiwa kuwa kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Je, hiyo ni hukumu? La. Kwa walio wengi, kadiri mfuko wa uzazi unavyokua, kondo huonekana kupanda juu. Wala si jambo la kupuuzwa, kwa maana kwa wachache hubaki pale pale. Uchungu ukimshika malishoni, mbali na mji, na mvua imekata barabara, damu yaweza kumwua yeye na mwanawe. Kwa hiyo hupimwa tena ipatapo wiki ya 32. Kondo likiwa bado limeziba njia, yampasa kukaa karibu na hospitali, apasuliwe kabla ya uchungu kuanza.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24.

Basi kumbuka, msomaji wangu, picha ya mimba ni habari, si hukumu. Anayeielewa hujiandaa mapema, na wahenga walikwisha kusema: tahadhari kabla ya hatari.