Aprili 1911, ndani ya kipande cha sabuni

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, nikiwa nimesimama nje ya boma natafuta mtandao. Dada mmoja wa Nairobi alitaka vipande hamsini vya sabuni, zawadi za wageni kwenye harusi yake. Kwangu hiyo ni oda kubwa. Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, naishi kwa kuandika kazi za watu na, miezi hii, kwa kupika sabuni nyuma ya jikoni ya mama hapa Sachangwan.

"Naomba tu isiwe na mafuta ya mnyama," aliandika. "Nataka sabuni ambayo haijaumiza mtu wala kitu."

Jibu rahisi lilikuwepo. Mafuta ya mawese nayapata Nakuru kwa mtungi. Ni ya mmea, hayanuki, na sabuni yake hukauka ikawa ngumu vizuri. Nilikuwa tayari nimeandika "sawa". Lakini wiki ile nilikuwa nasoma historia ya Kongo kwa ajili ya kazi nyingine, na kidole kikakataa kubonyeza.

Sabuni, ukiitazama jikoni, ni vitu viwili: mafuta, na kitu kikali cha kuyageuza. Vyote viwili vina historia yake, na cha ajabu ni kwamba historia hizo zinapita kwenye mwezi mmoja.

Tuanze na mafuta. William Lever alikuwa Mwingereza aliyetajirika kwa sabuni ya Sunlight. Kuanzia 1888 aliwajengea wafanyakazi wake kijiji, Port Sunlight, chenye nyumba nzuri na bustani, na watu hadi leo huenda kukipiga picha. Kiwanda kilihitaji mafuta mengi kuliko yale aliyoweza kupata kwa bei aliyotaka. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji ikatia saini mkataba naye. Kwenye ramani ya Kongo zikachorwa duara tano, kila moja ikienda kilomita 60 kila upande kutoka katikati, na kampuni yake mpya, Huileries du Congo Belge, ikaruhusiwa kujichagulia humo hadi hekta 750,000 za michikichi.

Michikichi hiyo haikuwa inangoja mtu wa kuigundua. Ilikuwa na wenyewe, waliokula mafuta yake na kuyauza. Sasa mwenyewe akawa kibarua. Mwanaume alijifunga mkanda, akakwea mti mrefu, akashusha mikungu ya chikichi kwa malipo ambayo kampuni ndiyo iliyoyapanga. Asiyetaka alikumbushwa kodi. Machifu na maafisa wa serikali waliwakusanya wanaume na kuwapeleka kazini. Kituo kikuu kilichokuwa kwenye mto Kwilu kiliitwa Leverville. Leo kinaitwa Lusanga. Mwaka 1931 bei ya mafuta ilianguka duniani, malipo yakakatwa, kodi ikabaki palepale. Wapende wakaasi. Jeshi la kikoloni likawaua kwa mamia.

Kwa hivyo "ya mmea" haimaanishi "haijaumiza mtu". Na si mambo ya zamani pekee. Mawese mengi tunayotumia Kenya leo hutoka Malaysia na Indonesia, ambako misitu mikubwa imefyekwa kupisha michikichi. Karibu zaidi, kisiwa cha Bugala huko Kalangala, Uganda, nacho kimepoteza msitu kwa sababu hiyohiyo, na kuna wakulima waliolalamika kwamba mashamba yao yalichukuliwa.

Sasa kile kitu kikali. Mimi hutumia kostiki, ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilo moja ya mafuta ya ng'ombe hutaka kama gramu 135 hivi, na ukikosea mizani unachoma watu ngozi. Siku hizi kostiki nyingi hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Lakini njia ya zamani ilikuwa kuchukua magadi na kuyachemsha na chokaa. Na magadi tunayo sisi, chini kabisa ya bonde hili letu, kwenye ziwa ambalo jina lake ndiyo bidhaa yenyewe.

Siku kumi kabla ya mkataba wa Lever, tarehe 4 Aprili 1911, Wamaasai waliwekewa mkataba wao wa pili na Waingereza. Wa kwanza, wa 1904, uliwatoa kwenye bonde la kati, kuanzia Naivasha hadi pande hizi za Nakuru, ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Waliambiwa waende Laikipia na kusini, na kwamba huko patakuwa pao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Kina Ole Njogo walienda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa: majaji walisema huo ni mkataba wa taifa na taifa, mahakama haina uwezo wa kuuamua. Fikiria. Unaitwa taifa siku ile tu unapodai haki yako.

Mwaka huohuo wa 1911 ndipo ilipoundwa Magadi Soda Company, kuchimba ziwa lililoko katika nchi ya Wamaasai. Reli ikatandikwa kutoka Konza hadi ziwani, na magadi yakaanza safari ya kwenda kwenye viwanda vya ng'ambo.

Nilipofika hapo nikasema basi, nitatumia majivu. Si majivu ni bure? Nilichuja maji ya majivu kwa ndoo iliyotobolewa, nikayachemsha hadi yakawa makali, nikapika. Ilitoka sabuni laini kama uji mzito, kwa sababu majivu ya kuni hutoa potasi, na sabuni ya potasi haigandi. Kogo alicheka. "Na hizo kuni zote umetoa wapi?" Swali lake ndilo lililonimaliza. Kuni hapa ukiziulizia sana utafika Msitu wa Mau, ambao mwaka 2001 serikali yenyewe iliukata makumi ya maelfu ya hekta kwenye karatasi. Mto Molo na mto Njoro vinaanzia Mau. Sitapika sabuni kwa kukausha maji ya kuioshea.

Kikabaki kitu kimoja. Mzee wa buchari hapa stejini hukata mafuta ya figo ya ng'ombe na kuyaweka kando kwenye karai. Watu wanataka nyama. Mengine huishia kwa mbwa. "Chukua kijana, nipatie tu kitu kidogo," huniambia. Ng'ombe namjua alikotoka, kwa sababu nikiuliza naambiwa. Si kwamba hapa ni pasafi. Ardhi hii anayolishiwa ni ya bonde lilelile la 1904, na baada ya walowezi imegombaniwa tena na tena. Mwaka 1992 na mwaka 2008 majirani walichomeana nyumba Molo nzima. Tofauti ni kwamba hapa mwenye kuumia ana jina, na naweza kukutana naye dukani.

Nilimwandikia yule dada yote haya, nikafupisha. Nikamwambia yangu ina mafuta ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya nyama, na kostiki ambayo siwezi kumwonyesha ilikotoka. Nikamwambia pia kwamba asipotaka kabisa kitu cha mnyama namheshimu, ila aulize hayo mawese yametoka wapi.

Alikaa siku mbili. Kisha akajibu: "Asante kwa kuwa mkweli. Za wageni nitatafuta kwingine. Lakini nitumie sita za kwangu."

Sita kati ya hamsini. Mama alitikisa kichwa. Nimezikata jana, ziko juu ya kabati zinakauka, na zitahitaji wiki tano hivi. Kwenye karatasi ya kufungia nimeandika kwa mkono: mafuta ya ng'ombe, Sachangwan, maji ya mvua, kostiki ya dukani, asili haijulikani.