Hidrojeni ya kijani: tukumbuke kwanza mashini ya Mont Amba



Kila mara wanapozungumza juu ya hidrojeni ya kijani Afrika, jina la Inga linatoka. Mwaka 2021 kampuni ya Australia, Fortescue, ilikuwa katika mazungumzo na serikali yetu juu ya Grand Inga: maji ya mto yatoe umeme, umeme upasue maji, hidrojeni ipakiwe melini. Megawati zilihesabiwa sana. Lakini nani atafunga yale mabomba, na atakuwa amejifunzia wapi? Hilo swali liko na historia, na historia yenyewe inaanzia kwetu.

Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Université Lovanium iliwasha TRICO I pale Mont Amba. Ilikuwa reakta ya kwanza ya nyuklia katika Afrika yote. Mkuu wa universite, Monseigneur Luc Gillon, alikuwa mwenyewe mtu wa fizikia. Uranium ya Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kutumika katika bomu la 1945, na Congo haikuwa na labo ya kuisomea. TRICO I ilikuwa ndogo, kilowati 50 tu, ya masomo na uchunguzi. Mwaka 1972 ikaja TRICO II, ya megawati 1. Kituo kikaitwa Centre régional d'études nucléaires. Shikeni lile neno « régional »: kilikusudiwa kuhudumia Afrika, si Zaïre peke yake.

Bon, kisha? Mwaka 2004 TRICO II ikanyamaza. Vipuri vilikosa, feza ya kuitunza ikakosa. Na katika miaka ya 1970 vijiti viwili vya mafuta ya nyuklia viliibiwa. Kimoja kikapatikana Italia mwaka 1998, cha pili mpaka leo hakijulikani kiko wapi. Waalimu walikuwako, akili ilikuwako. Kujenga kulifanyika vizuri. Kuendesha kwa miaka 40 njo kulitushinda.

Sasa twende Kwekwe, Zimbabwe. Watu wengi wanazani hidrojeni ya kijani ni jambo jipya la Wazungu. Hapana. Tangu miaka ya 1970, kiwanda cha Sable Chemicals kilikuwa kinapasua maji kwa umeme, mwingi ukitoka bwawa la Kariba, ili kupata hidrojeni, kisha amonia, kisha mbolea. Vijana wa pale walijifunza kazi kwa mikono: kusafisha maji, kulinda mashini, kusikiliza kama gazi inavuja. Hiyo ilikuwa shule, hata kama haikuandikwa shule mlangoni. Mwaka 2015 ile sehemu ikafungwa: umeme ulikuwa haba na bei yake nzito. Kiwanda kikabaki kununua amonia inje ya inchi. Mashini zikisimama, ufundi nao unaondoka pole pole pamoja na wazee wanaoenda pansheni.

Afrika Kusini walichukua njia ingine. Mwaka 2008 walianzisha HySA, wakagawanya kazi kwa vituo vitatu vyenye kushikana na universite: Cape Town, Western Cape na North-West. Cape Town wakafanya kazi na Mintek juu ya katalisti, kwa sababu platini inatoka udongoni mwao. Kituo kikapata sababu ya kuishi: madini yao wenyewe.

Afrika ya Magharibi, shirika la WASCAL lilianza mwaka 2021 masomo ya masta ya nishati na hidrojeni ya kijani kwa inchi 15. Mwanafunzi anaanzia Niamey, anaendelea Abidjan, Dakar ao Lomé, kisha anamalizia Ujerumani. Ni hatua nzuri kabisa. Lakini angalieni: mwisho wa safari, labo kubwa iko Ulaya. Na kusini, SASSCAL inaunganisha Angola, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zambia. Siye wa Congo, wenye Inga, hatumo huku, hatumo kule.

Juu ya nini labo ni ya lazima hivyo? Juu hidrojeni haisamehe. Ni gazi nyepesi kuliko zote, inapenya penye gazi ingine inazuiliwa. Inawaka ikifika asilimia 4 tu ndani ya hewa, na moto wake mchana ni vigumu kuuona. Inaweza kufanya chuma kipasuke kidogo kidogo toka ndani. Tangi za magari zinabeba shinikizo la bari 350 ao 700. Fundi wa kulehemu hawezi kujifunza hayo kwa sillabus. Anahitaji benchi ya majaribio, vipimo vya kuvuja, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: bomba hili limepita, hili hapana. Bila kituo cha namna hiyo katika eneo letu, kila kifaa kitapimwa Ulaya, na kila cheti kitanunuliwa kule.

Kwa hiyo wale wanaotaka kujenga kituo cha eneo, iwe Kinshasa, Lubumbashi ao Matadi, wasianze na siku ya kukata utepe. Waanze na wateja. Migodi ya Katanga inatumia baruti yenye nitrati ya amonia. Walimaji wetu wanahitaji mbolea. Hao wote wanahitaji amonia, na amonia inahitaji hidrojeni. Kituo kidogo chenye kupima vifaa vya migodi kwa malipo, na kufundisha mafundi wa A2 pamoja na wainjeniere, kinaweza kujinunulia vipuri. Bajeti ya vipuri na ya umeme iandikwe siku moja na bajeti ya majengo. Na inchi jirani zilipe sehemu yao, zitume na wanafunzi wao, ili neno « régional » lisibaki tena kwenye kibao tu.

Inga 1 ilianza 1972, Inga 2 ikafuata 1982. Kama Inga ya tatu itakuja siku moja, mafundi wake wanapaswa kuanza masomo sasa.