Kushika kutu, kuliwa na kutu

Tunasema chuma "kimeshika kutu", na kwa msumari usemi huo unatosha. Lakini kwa Landrova kongwe inayotunzwa nyumbani Unguja, ambako upepo wa bahari una chumvi kuanzia Forodhani hadi Makunduchi, kitenzi kinachofaa ni "kuliwa". Kushika ni jambo la juu juu: piga msasa, paka rangi, limekwisha. Kuliwa kunauliza chuma kimebaki kiasi gani. Landrova ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Chasisi ikabaki ya chuma, tena yenye uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Maji ya chumvi na mchanga hutuama humo, kutu ikala kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Gonga kwa nyundo: penye uzima chuma hulia, palipoliwa sauti hufa, na pengine nyundo hutoboa.

Atasema mtu kwamba alumini haiingii kutu, basi gari li salama. Kweli, kutu ni ya chuma. Lakini alumini ikigusana na chuma penye chumvi nayo huliwa, ikatoa unga mweupe. Mwingine atasema mafundi wanaelewana vyovyote. Wanaelewana, ila mwenye gari akiambiwa "imeshika" hununua rangi. Akiambiwa "imeliwa" humwita fundi wa kuchomelea. Basi tuseme imeliwa, na gari lioshwe uvunguni kwa maji matamu kila litokapo pwani.