Reli iliyokatwa kwa moto: ufa usioonekana, hatari kubwa

KALEMIE – Njia ya reli ya Kalemie hadi Kabalo, kilomita 273, ilimalizika mwaka wa 1915, wakati Kalemie ilikuwa ingali inaitwa Albertville. Mwaka wa 1956 iliungwa na Kamina, na hivyo ziwa la Tanganyika likapata njia ya treni hadi Lubumbashi. Jamaa nyingi, pamoja na zile zilizohama kwa sababu ya vita, zimesafiri juu ya vyuma hivyo na mizigo yao yote.

Zamani vipande vya reli viliungwa kwa bamba za chuma ubavuni na bolti. Mwaka wa 1899, katika mji wa Essen, Ujerumani, reli za tramu ziliungwa kwa namna mpya ya Hans Goldschmidt: unga wa alumini na kutu ya chuma huwashwa, hutoa chuma cha maji chenye joto kupita digrii 2.000, nacho humwagwa kati ya ncha mbili. Miaka michache baadaye ukaja kutoka Ufaransa moto wa gesi ya asetilini na oksijeni. Fundi akaweza kukata reli upesi, pasipo kuhangaika na msumeno.

Lakini reli si chuma laini cha dirisha. Ina kaboni nyingi, karibu asilimia 0,7. Moto ukipita, ukingo unakuwa mwekundu. Ukiondoka, sehemu nyingine ya reli, iliyo baridi, inanyonya joto haraka. Ni kama kisu chekundu kinachotumbukizwa majini: ukingo unakuwa mgumu, lakini unavunjika kama kioo. Nyufa ndogo zinaanza, mara nyingi jicho halizioni.

Ndiyo maana kampuni nyingi za reli ziliweka kanuni. Msumeno kwanza. Moto ukilazimika, kazi ya kuunga ifuate mara moja, na chuma cha maji kitayeyusha ule ukingo ulioharibika. Wakichelewa, sehemu iliyoguswa na moto ikatwe tena kwa msumeno. Na tundu la bolti halitobolewi kwa moto kamwe: hakuna kitakacholiyeyusha baadaye, ufa utabaki humo ukikua kila treni ikipita.

Mama aliyekaa ndani ya behewa na watoto wake hawezi kujua reli ilikatwa kwa nini. Fundi anajua. Nusu saa ya msumeno ndiyo inayomlinda.