UZI: Wadominika, Wabangladeshi na ile hadithi ya "jamii ya wachapakazi"

1/ Kuna sentensi moja hurudi kila msimu wa siasa: "Hawa ni wachapakazi, wale wengine wanangoja kusaidiwa." Inasemwa jukwaani, inasemwa kwenye matatu, inasemwa mpaka matangani. Mnajua sheria ya nyuzi zangu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Leo tuipime hiyo sentensi mbali kabisa na nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu wa kukasirika.

2/ Twende New York. Tuchukue jamii mbili za wahamiaji: Wadominika, waliotoka Jamhuri ya Dominika kule Karibea, na Wabangladeshi. Wote walifika wakiwa na masanduku na madeni. Wote wanatuma pesa nyumbani. Lakini ukisikiliza watu wakiwalinganisha, utasikia wimbo ule ule: hawa watoto wao wanaingia shule kubwa, wale wamekwama mtaani, kwa hivyo ni "utamaduni".

3/ Mimi nasema hivi: kabla ya kutaja utamaduni, uliza maswali matatu. Walifika lini? Nani aliruhusiwa kuondoka kwao? Na walikuta kazi gani mlangoni? Twende pole pole.

4/ Tuanze na Wadominika. Kuanzia 1930 nchi yao ilikuwa mikononi mwa dikteta mmoja aliyeminya hata pasipoti. Kusafiri ilikuwa ruhusa ya mkubwa. Aliuawa Mei 1961. Uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa 1962, aliyeshinda akapinduliwa 1963, na Aprili 1965 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Marekani ikapeleka wanajeshi wake. Ilikuwa inaogopa Cuba ya pili.

5/ Sasa angalia hii. Katika miaka hiyo hiyo viza za Marekani zikaanza kupatikana kwa wingi. Watafiti wengi wanaiona kama kufungulia sufuria mfuniko: vijana wenye hasira wakiondoka, mapinduzi yanapoa. Halafu Oktoba 1965 Marekani ikapitisha sheria mpya ya uhamiaji iliyotanguliza familia. Aliyefika akamwita mke, mke akamwita dada, dada akamwita mama.

6/ Kwa hivyo mlango wa Wadominika ulikuwa mlango wa UKOO. Haukuuliza cheti. Mshonaji aliyeishia shule ya msingi alipita sawa na mwalimu, mradi tu ana ndugu upande wa pili. Wakajaa Washington Heights, juu kabisa ya Manhattan, na baadaye Bronx.

7/ Na kazi ilikuwepo. Katikati ya miaka ya 60 viwanda vya New York vilikuwa bado na wafanyakazi zaidi ya laki 8. Viwanda vya nguo vilimeza akina mama wa Kidominika. Huhitaji Kiingereza kushona mfuko wa suruali. Wazo lilikuwa rahisi: mama anashona, mtoto anasoma, mjukuu anakuwa daktari.

8/ Shida ni kwamba ngazi ilivunjwa wakiwa katikati. Mwaka wa 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Viwanda vikahamia kwenye mishahara ya chini, vingine hadi huko huko Karibea walikotoka! Kufikia mapema miaka ya 90, kazi za viwandani jijini zilikuwa chini ya laki 3.

9/ Na nyumbani nako kukawaka. Miaka ya 80 ilikuwa ya madeni. Aprili 1984, bei zilipopandishwa kufuatia masharti ya IMF, watu waliandamana na wengi wakauawa. (Mkenya yeyote anaijua hii filamu.) Kwa hivyo wimbi kubwa zaidi la Wadominika lilifika New York miaka ya 80 na 90, wakati kazi zilizowaita wazazi wao zinafungwa. Wengine walipita kwa mashua ndogo hadi Puerto Rico, na baharini wakafa wengi.

10/ Hebu fikiria kufika kwenye karamu wakati sahani zinaoshwa. Halafu kuongezea, hiyo ndiyo miaka ambayo kokeini ya kreki ilikuwa inatafuna mitaa hiyo, na polisi hawakuwa na upole kwa kijana mweusi anayezungumza Kihispania. Julai 1992 Washington Heights ililipuka kwa maandamano siku kadhaa baada ya polisi kumuua kijana Mdominika kwa risasi.

11/ Sasa niambie uvivu uko wapi. Watu hawa walichukua maduka madogo ya mtaa yanayoitwa bodega, yale ya kufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane. Teksi za manjano zilipokataa kwenda mitaa yao, wakaanzisha teksi zao. Na mtaji ulitoka wapi, benki? Ulitoka kwa kitu wanachokiita SAN: kila mtu anachanga kila wiki, mmoja anabeba chungu chote, wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Ndiyo, ni merigoraundi. Mama yako anaijua.

12/ Haya, Wabangladeshi. Historia yao New York ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mabaharia wa Kibengali, wengi kutoka Sylhet, walikuwa wakitoroka meli za Waingereza tangu mwanzo wa karne ya 20. Wengine walitulia Harlem na kuoa wanawake Weusi na wa Puerto Rico. Lakini sheria ya 1917 ilikuwa imefungia nje watu wa sehemu kubwa ya Asia, kwa hivyo walibaki wachache. Nchi yenyewe ya Bangladesh ilizaliwa 1971.

13/ Mlango wao mkubwa ulifunguliwa na sheria ya 1990, iliyoleta kitu ambacho Wakenya tunakijua vizuri sana: bahati nasibu ya GREEN CARD. Mjomba wangu alijaza ile fomu miaka minne mfululizo pale saiba, na kila mara alikuwa ananunua shati jipya la kupigia picha. Hakuwahi kushinda. Lakini ni yeye aliyenifundisha kitu ambacho vitabu vinakipitia haraka.

14/ Bahati nasibu si bahati tupu. Ili ufae lazima uwe umemaliza shule ya upili, au uwe na uzoefu wa miaka miwili kwenye kazi inayohitaji mafunzo. Ukishinda, unalipa ada ya viza, unalipa uchunguzi wa daktari, unanunua tiketi yako na ya watoto, na uwe na cha kukushikilia miezi ya kwanza. Mjomba alikuwa akisema, "Hata nikishinda, nitauza ng'ombe gani?"

15/ Kwa hivyo mlango wa Wabangladeshi ulikuwa kwa sehemu kubwa mlango wa CHETI NA NAULI. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa kwenye foleni. Waliopita walikuwa karani wa benki wa Dhaka, mwalimu, mhandisi. Waliingia wengi kiasi kwamba kuanzia bahati nasibu ya 2013 Bangladesh iliondolewa kwenye orodha: ilikuwa imevuka idadi ya wahamiaji 50,000 ndani ya miaka 5. Jamhuri ya Dominika haikuwahi hata kuruhusiwa kushiriki, kwa sababu hiyo hiyo ya idadi.

16/ Matokeo: Marekani, karibu nusu ya Wabangladeshi watu wazima wana digrii. Kwa Wadominika ni karibu mmoja kati ya watano. Mtu akiona hapo anasema, "Si nilisema? Hawa wanapenda elimu." Ngoja kwanza. Digrii nyingi zilipandia ndege Dhaka. Hazikuota New York.

17/ Na hapa ndipo hadithi inachanganya watu. Pamoja na digrii zote hizo, umaskini wa jamii hizi mbili ulikuwa karibu sawa miaka michache iliyopita: takriban mtu mmoja kati ya watano. Rudia kusoma hapo. Jamii moja ina wasomi zaidi ya mara mbili, na bado inakaribiana na nyingine kwa umaskini. Kama elimu na bidii ndiyo majibu yote, hiyo inawezekanaje?

18/ Inawezekana kwa sababu cheti cha Dhaka hakisomeki New York. Mhandisi anaishia kwenye usukani. Wabangladeshi wakawa kundi kubwa zaidi la wahamiaji kati ya madereva wa teksi za manjano. Wengine wakafanya mitihani ya kazi za jiji na kuwa maaskari wa kuegesha magari, wale wa kukuandikia faini. Kazi haina heshima kubwa, lakini ina bima na pensheni.

19/ Mtego wa teksi ndio uliwamaliza wengi. Kuendesha teksi yako kulihitaji kibali cha chuma kinachobandikwa kwenye boneti, na jiji lilikuwa na vibali kama 13,500 pekee. Bei yake ilipanda hadi kupita dola milioni 1 kufikia 2014. Madereva walikopeshwa kama vile ni ardhi. Halafu programu za kuita teksi kwa simu zikajaza barabara, bei ikaporomoka hadi chini ya dola laki 2, deni likabaki pale pale.

20/ Mwaka wa 2018 baadhi ya madereva wa jiji hilo walijitoa uhai. Mwaka wa 2021 madereva waligoma kula kwa siku 15 nje ya ofisi za jiji, na Novemba jiji likakubali kudhamini mikopo iliyopunguzwa hadi dola 170,000. Yeyote aliyewahi kuona auctioneer akiondoka na matatu ya mtu anaelewa. Hawa ndio walikuwa "jamii ya mfano". Bidii ilikuwepo. Deni pia.

21/ Kitu kingine: angalieni ujanja wa takwimu. Watu hupenda kulinganisha mapato ya NYUMBA. Lakini nyumba ya Kibangladeshi mara nyingi ina baba, mama, watoto na bibi, na wakati mwingine ndugu wawili wanaofanya kazi. Nyumba ya Kidominika mara nyingi zaidi inaendeshwa na mama peke yake. Nyumba ya kwanza itaonekana ina pesa zaidi hata kama kila mtu ndani yake anakula kidogo. Ukionyeshwa wastani, uliza umegawanywa kwa vichwa vingapi.

22/ Bado kuna mtu anashikilia utamaduni? Sawa. Huu hapa mtihani wa mwisho: tuwapeleke Wabangladeshi wale wale nchi nyingine. Uingereza.

23/ Waliofika Uingereza miaka ya 60 na 70 walikuwa hasa wanaume wa vijijini Sylhet, wakiitwa na jamaa zao kufanya kazi za viwandani, kisha mikahawani. Familia zikafuata. Yaani mlango wa UKOO, kama wa Wadominika! Viwanda vikafungwa wakiwa ndani. Ripoti ya serikali ya 1985 iliwataja watoto wa Kibangladeshi kuwa kati ya waliokuwa nyuma zaidi shuleni. Dini ile ile, chakula kile kile, lugha ile ile. Utamaduni ulikuwa umelala wapi?

24/ Halafu mambo yakageuka. Shule za mashariki mwa London ziliongezewa pesa na walimu, na mpango wa kuinua shule za jiji ukaanza 2003. Ndani ya takriban muongo mmoja watoto wa Kibangladeshi wakawapita watoto wazungu wa Uingereza kwenye mitihani ya shule ya upili. Damu haikubadilika. Na wazazi wao wengi bado ni maskini. Bidii ya familia ilikuwepo muda wote, kilichoongezeka ni mlango wa kuipokea.

25/ Simaanishi kwamba watu hawana mchango wao. Wazazi wa Kibangladeshi wa Queens hulipia masomo ya ziada kwa pesa ya teksi ili mtoto apite mtihani wa shule maalum, na hiyo ni heshima yao. Wadominika nao walipigania uraia wa nchi mbili, wakaupata 1994. Wakaanza kupiga kura wakiwa ng'ambo 2004, na tangu 2012 wana wabunge 7 wa ng'ambo. Wanatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 10 kwa mwaka. Sisi diaspora yetu ilituma karibu bilioni 5 mwaka wa 2024, na haina kiti hata kimoja bungeni. Nani mvivu hapo?

26/ Kwa nini nimewachosha na New York? Kwa sababu hii hadithi ya "wachapakazi na wavivu" haiishii mdomoni. Ikishaaminika, inaingia kwenye bajeti. Barabara inakosa kufika mahali fulani kwa sababu "hata ikifika watafanya nini nayo." Basari inakatwa kwa sababu "hao hawapendi shule." Halafu baada ya miaka 20 tunahesabu digrii, tunasema, si tuliwaambia?

27/ Kwa hivyo mkutano ujao, mtu akishika maikrofoni na kuanza kupanga jamii kwa bidii, muulize yale maswali matatu. Walianza lini? Mlango gani ulifunguliwa, na ulichagua nani? Walikuta nini ndani? Akishindwa kujibu, ujue hana historia. Ana kura anatafuta.

28/ Mjomba bado yuko kwetu, kwa njia, anauza vipuri vya pikipiki na anaamka saa kumi alfajiri. Angeshinda ile bahati nasibu leo angekuwa "mhamiaji mchapakazi" kwenye takwimu za mtu. Hakushinda, kwa hivyo kuna watu watamwita maskini asiyejituma. Ni mtu yule yule, jamani.

Mwisho wa uzi. Mwenye swali aulize, mwenye matusi apumzike kwanza.