Kulipa kwa simu au kwa kadi ya benki, ipi bora? Soma hii kabla hujatoa hela

Saa mbili usiku, umesimama kaunta ya duka la dawa. Dawa ya mtoto imeshafungwa, jumla ni Sh 38,000, na keshi huna. Ulichonacho ni kadi ya benki na simu. Muuzaji anakuuliza: "Unalipa na nini?"

Wengi wetu tunajibu kwa mazoea tu. Mwenye simu mkononi anasema simu, mwenye kadi kwenye pochi anasema kadi. Lakini kila njia ina makato yake, ina hatari zake, na ina namna yake ya kukusaidia hela ikienda pabaya. Tuziangalie moja moja.

Kwanza tuelewane: "kulipa kwa simu" ni mambo matatu

Watu wakibishana kuhusu simu na kadi, mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

1. Pesa ya simu. Hii ndiyo tuliyoizoea: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Halopesa. Hela inakaa kwenye laini yako. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Huhitaji simu janja wala bando. Ukipiga *150*00# Tanzania au *334# Kenya, hata simu ya kitochi inalipa.

2. Programu ya benki. Hela iko benki, simu ni mlango tu. Unaingia kwenye programu ya benki yako, unalipa kwa Lipa Namba au unaskani QR ya duka.

3. Kadi iliyoingizwa ndani ya simu. Hapa kuna huduma kama Apple Pay, iliyoanza Marekani Oktoba 2014, na Google Wallet. Unasajili kadi yako, kisha unagusisha simu kwenye mashine. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hili ni jambo la kila siku. Simu lazima iwe na NFC, na benki yako iwe imekubali huduma hiyo.

Kwa hiyo ukisikia mtu wa London anasema "nalipa kwa simu", na mama muuza matunda wa Buguruni naye anasema hivyo hivyo, jua kwamba wa kwanza bado anatumia kadi, ila kadi imejificha ndani ya simu.

Makato: jiulize hela yako inaanzia wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa bila kujua.

Kama hela yako inaingilia kwenye simu, mfano wewe ni bodaboda, mama lishe au fundi unayelipwa kwa M-Pesa, basi kulipa kwa simu ndiyo njia fupi. Hela imeingia kwa simu na inatoka kwa simu. Ukiipeleka benki ili ulipe kwa kadi, unajiongezea safari na makato.

Kama mshahara wako unaingia benki, hesabu inageuka. Ukihamisha hela kutoka benki kwenda kwenye laini, benki inakata. Ukimtumia mwenye duka kwenye namba yake ya kawaida, mtandao unakata. Kisha mwenye duka anakwambia maneno unayoyajua: "Weka na ya kutolea." Hapo umekatwa mara tatu kwa soda na mkate. Ungechanja kadi, au ungelipa moja kwa moja kutoka programu ya benki, ungepunguza hatua mbili.

Tofauti nyingine kubwa ni kati ya kutuma na kulipa. Kutuma hela kwa namba ya mtu ni muamala wa mtu na mtu. Kulipa kwa Lipa Namba Tanzania, au kwa namba ya Till Kenya, ni muamala wa biashara, na mara nyingi makato ya mteja huwa madogo au hayapo kabisa. Mwenye duka naye huweza kubeba gharama. Ndiyo maana wapo wauzaji wanaoficha bango la Lipa Namba na kukupa namba yao binafsi. Ukiona hivyo, uliza: "Lipa Namba hamna?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea makato kila siku.

Kadi nayo ina mambo yake. Kwenye mashine ya POS, kwa kawaida mteja analipa bei iliyoandikwa, na mwenye duka ndiye anakatwa asilimia na benki. Wapo wanaokurudishia mzigo huo kwa kuongeza bei ukitoa kadi. Muulize kabla hajaingiza tarakimu, sio baada ya risiti kutoka.

Ukiibiwa, kipi kinauma zaidi?

Kadi ikiibiwa, mwizi amepata kitu kimoja. Ili atoe hela ATM anahitaji namba ya siri. Lakini kadi nyingi za sasa zinalipa kwa kugusisha tu, na kiasi kidogo kinaweza kupita bila kuulizwa namba ya siri. Pia namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma vimeandikwa pale pale. Mtu akiipiga picha wakati amekwenda nayo "kuchukua mashine", anaweza kununua vitu mtandaoni kadi ikiwa bado iko kwenye pochi yako.

Kadi iliyo ndani ya simu inaziba tundu hilo. Apple Pay, kwa mfano, haimpi muuzaji namba halisi ya kadi yako. Inatumia namba mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo. Tena kabla ya kulipa, simu inataka alama ya kidole, sura au namba ya kufungulia. Kwa hiyo kwa upande huu, simu ni salama kuliko kadi ya plastiki.

Pesa ya simu inalindwa na namba ya siri, na bila hiyo mwizi hapati kitu. Tatizo liko kwingine: simu imebeba kila kitu. Laini, meseji za benki, barua pepe, picha ya kitambulisho, wakati mwingine hata namba ya siri uliyoihifadhi kwenye majina kama "Shangazi PIN". Mwizi akipata simu isiyofungwa na laini iliyo wazi, anaweza kupokea zile namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kwa meseji. Akishazipata, mlango wa pili umeshafunguka.

Kadi ukiipoteza, bado una simu ya kuipigia benki waifunge. Simu ukiipoteza, umepoteza na chombo cha kuombea msaada. Ndiyo maana mtu mwenye hela zote kwenye simu na hana kadi wala keshi anaweza kulala stendi.

Matapeli: wanakufuata kwenye simu zaidi

Kila mwenye laini Tanzania ameshapata ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Tapeli hajui kama kweli unadaiwa. Anatupa nyavu, akijua kati ya wengi yupo mmoja ambaye dakika hiyo alikuwa anasubiri kulipa kodi ya nyumba.

Mwingine anapiga simu: "Nimekosea kutuma hela, naomba unirudishie." Ukiangalia, kuna meseji inayofanana kabisa na ya mtandao. Usiamini meseji. Angalia salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna hela iliyoingia. Na kama kweli imeongezeka, usiirudishe kwa namba unayotajiwa. Mwambie apige huduma kwa wateja wairudishe kwa utaratibu.

Wafanyabiashara nao wanalizwa hapo hapo. Mteja anaonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, anachukua mzigo, anaondoka, kumbe muamala haujasoma. Kwa mwenye duka sheria ni moja: mzigo hautoki mpaka muamala usome kwenye simu yako.

Kwa kadi matapeli wapo pia, ila njia ni tofauti: tovuti feki, simu za "tunatoka benki, tutajie namba zilizoko nyuma ya kadi", au kifaa cha kunakili kadi kwenye ATM. Benki yako haihitaji kukuuliza namba ya siri. Anayeiuliza ni mwizi, hata kama anaongea Kiswahili cha ofisini.

Ukikosea au ukidhulumiwa

Hapa kadi inashinda, na watu wengi hawajui.

Umelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard kwa duka la mtandaoni, mzigo haujafika, muuzaji kazima simu. Unaweza kwenda benki yako kufungua pingamizi la muamala. Benki inafuatilia kupitia mtandao wa kadi, na muuzaji anatakiwa kuthibitisha kuwa alikupa ulichonunua. Akishindwa, hela inaweza kurudi. Inachukua muda, na una siku za mwisho za kulalamika, lakini njia ipo.

Kwa pesa ya simu, ukishaweka namba ya siri umekubali. Ukikosea namba, kuna nafasi ya kurudishiwa iwapo utawahi na aliyepokea hajatoa. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka meseji ya muamala kwenda 456. Tanzania, piga 100 hapo hapo, usisubiri kesho. Lakini kama namba ilikuwa sahihi na muuzaji ndiye tapeli, kesi hiyo ni ya polisi, na hela mara nyingi imeshatolewa kwa wakala.

Kinga iko kwenye sekunde chache kabla ya kukamilisha malipo: jina linatokea. Lisome. Kama bango linasema duka la dawa na jina linalokuja ni la mtu mwingine kabisa, simama uulize.

Mtandao, chaji na mahali ulipo

Simu ikizima chaji, umekwama. Kadi haihitaji chaji. Lakini mashine ya POS inahitaji umeme na mtandao, na wote tumeshaambiwa "mashine inasumbua".

Kwa maisha ya kila siku huku kwetu, simu ndiyo inafika mbali. Mwenye genge hana POS, ila ana Lipa Namba imebandikwa ukutani. LUKU, maji, ving'amuzi, namba za malipo za Serikali, vyote unamaliza ukiwa umelala kitandani. Kenya, malipo ya huduma za eCitizen yanaingia kwa Paybill moja, 222222.

Ukivuka mipaka, kadi inachukua usukani. Hoteli, tiketi za ndege, kukodi gari, kununua kwenye tovuti za nje: wanataka kadi. Kampuni za simu zimeliona hilo. Juni 2022 Safaricom na Visa walileta GlobalPay, kadi isiyo ya plastiki inayovuta hela kutoka M-Pesa.

Kuna kikomo pia. Kwa Kenya, tangu 2023 akaunti ya M-Pesa hubeba hadi Sh 500,000 za Kenya, na muamala mmoja mwisho ni Sh 250,000. Unanunua kiwanja? Nenda benki.

Basi uchague ipi?

- Sokoni, daladala, genge, bili za nyumbani: simu, kwa Lipa Namba kila inapowezekana.
- Supermarket na petroli, mshahara ukiwa benki: kadi au programu ya benki.
- Kununua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua: kadi, kwa sababu ya haki ya kupinga muamala.
- Safari ya nje: kadi, na kama simu yako inakubali, iingize ndani ya simu.
- Kuweka akiba kubwa: usiiache kwenye laini unayotembea nayo mjini.

Fanya haya leo, dakika kumi tu

1. Weka namba ya kufungulia simu, na weka PIN kwenye laini yenyewe pia. Bila hiyo mwizi anahamishia laini yako kwenye simu nyingine.
2. Namba ya siri ya pesa ya simu isifanane na ya kadi, wala isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.
3. Andika kwenye karatasi namba ya benki yako na namba ya simu ya ndugu mmoja, uiweke nyumbani na kwenye pochi. Simu ikipotea, hutakumbuka namba ya mtu.
4. Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, wahi kwa mtandao husika. Meseji za kitapeli zipeleke 15040.
5. Simu ikiibiwa, azima ya mtu wa mtandao wako, piga 100 wafunge laini, kisha ipigie benki. Polisi baadaye.

Turudi pale duka la dawa. Kama Lipa Namba ipo ukutani na salio linatosha, lipa kwa simu, soma jina, chukua dawa. Kama hela iko benki na mashine inafanya kazi, toa kadi, na isiondoke machoni pako. La muhimu ni kuwa na zote mbili, na zisikae mfuko mmoja. Siku moja itagoma, na mtoto nyumbani anasubiri dawa.