Roma Iliyosomwa Jalalani

Anayetaka kuwajua Warumi wa kale huelekezwa kwanza kwa Tacitus na Suetonius. Si vibaya, ila akumbuke kalamu ilikuwa mikononi mwa nani. Tacitus alikuwa mjumbe wa Seneti aliyefikia cheo cha konsuli mwaka 97 BK. Suetonius alikuwa katibu wa Kaizari Hadrianus. Mchuuzi na askari wa kawaida hupita tu pembeni mwa masimulizi yao. Kwa watu hao, jalala lina habari nyingi kuliko maktaba.

Kusini mwa jiji la Roma, karibu na mto Tiber palipokuwa na bandari na maghala, kuna kilima kiitwacho Monte Testaccio. Kimo chake ni kama mita 35, nacho hakina mwamba ndani. Ni vigae vitupu, mabaki ya mitungi inayokadiriwa kupita milioni 50. Mingi ilileta mafuta ya zeituni kutoka Baetica, katika bonde la mto Guadalquivir huko Hispania, na mingine ilitoka pwani za Libya na Tunisia za leo. Mtungi wa Baetica ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi ukiwa mtupu, na ulichukua lita kama 70. Udongo ulionyonya mafuta huchacha na kunuka, kwa hiyo mitungi ilivunjwa, vipande vikapangwa tabaka kwa tabaka na kumwagiwa chokaa ili kupunguza uvundo. Havikuwa vitu vya kutupwa ovyo.

Miaka ya 1870 Mjerumani Heinrich Dressel alianza kuvisoma vigae hivyo, katika mradi mkubwa wa kukusanya maandishi ya Kilatini ulioanzishwa na Theodor Mommsen. (Mommsen alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1902, hasa kwa historia yake ya Roma. Mimi ningempa kwa mradi huu.) Juu ya mitungi, makarani walikuwa wameandika kwa wino uzito wa mtungi, uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara, ukaguzi wa forodha, na hata mwaka, kwa kutaja makonsuli waliokuwa madarakani.

Hapo ndipo kilima kinapoanza kusimulia siasa. Kwa miongo mingi nafasi ya mfanyabiashara ilijazwa na majina ya watu binafsi, kama ukoo wa Caecilius. Mwanzoni mwa karne ya 3 majina hayo yanatoweka, na badala yake linakaa jina la Kaizari Septimius Severus pamoja na wanawe. Severus, mzaliwa wa Leptis Magna huko Libya, anatajwa katika wasifu ulioandikwa baadaye kuwa aliwagawia wakazi wa Roma mafuta bure. Kama dola iliishika biashara yote au iliwaajiri wafanyabiashara walewale, wataalamu bado wanabishana. Lakini bila vigae, hata ubishi huo usingekuwapo.

Jalala nalo lina upendeleo wake: forodha iliandika tajiri na karani, si mpagazi aliyeushusha mtungi. Bahati ni kwamba kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Vindolanda, udongo wenye majimaji ulihifadhi barua na hesabu zilizoandikwa juu ya vibao vyembamba vya mbao. Zilianza kufukuliwa mwaka 1973. Kimoja kati ya vibao hivyo ni taarifa ya kikosi cha Watungri, kabila ambalo Tacitus analitaja kwa ushujaa katika vita vya Mons Graupius chini ya baba mkwe wake Agricola. Taarifa inasema kikosi kilikuwa na watu 752, na 456 kati yao hawakuwapo ngomeni. Waliobaki walikuwa 296, na 31 hawakufaa kwa kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wenye maradhi ya macho.